Ukibadili anwani za tovuti ya siku nyingi: dhana potofu na ukweli

Nina tovuti binafsi hapa Mtwara ya karibu miaka 20: picha za majengo ya kale ya Mikindani, habari za korosho, na ukurasa wa Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, akiwemo yule "mjusi" aliyeko Berlin. Nilipotaka kubadili anwani zake zilizochakaa, nilipewa ushauri mwingi. Mwingine haukuwa sahihi.

"Ukiweka mpya, futa za zamani."
Hili ndilo linaloumiza watu. Mwalimu mmoja wa Newala ameandika anwani ya ukurasa wa Tendaguru kwenye daftari lake, na daftari halijui kwamba nimehama. Ukifuta, atakutana na 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo, na kudhani kazi yote imepotea. Dawa ni kuiagiza seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ijibu 301: ukurasa umehama jumla. Kivinjari kitamfikisha msomaji kwenye anwani mpya chenyewe. Jibu la 302 ni la kuhama kwa muda, usilitumie hapa. Tena elekeza kila ukurasa kwa mwenzake. Kuwarundika wote kwenye ukurasa wa mwanzo ni kumshusha abiria wa Newala stendi ya Mtwara mjini.

"Ukielekeza, Google itakushusha."
Google walisema mwaka 2016 kwamba uelekezaji huu haupunguzi uzito wa ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji. Wanashauri uudumishe angalau mwaka mmoja. Mimi nitauacha maadamu tovuti ipo. Epuka tu kuelekeza anwani ya kwanza kwenye ya pili, kisha ya tatu. Peleka moja kwa moja.

"Herufi kubwa na ndogo ni mamoja."
Kwenye jina la tovuti, ndiyo. Kwa kinachofuata baada yake, seva nyingi huona Korosho na korosho kuwa kurasa mbili.

"Https ni ya mabenki, tena ghali."
Https ni njia ya kuficha mawasiliano kati ya msomaji na tovuti yoyote, nayo huhitaji cheti. Shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure tangu 2015.

"Lazima anwani iishie na .html au .php."
Si lazima. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alishauri tangu 1998 kwamba anwani isibebe kitu kitakachobadilika kesho, kama programu uliyotumia. Ukurasa wangu sasa unaishia na /tendaguru tu. Nilimpigia mwalimu, akaandika ile ya daftarini herufi kwa herufi. Ukafunguka.