Mtoto mwenye ulemavu wa akili: maswali ambayo wazazi huuliza kwa sauti ya chini

Siku ya kliniki, watoto wakishapimwa uzito, huwa kuna mama mmoja anayebaki nyuma. Anasubiri wenzake watoke, anarudishia mlango, ndipo anauliza. Haya ni maswali yao.

Ulemavu wa akili si ndiyo ugonjwa wa akili?

Hapana, na kuchanganya hivi viwili kumewaumiza watoto wengi. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili huanza utotoni, ubongo ukiwa bado unakua. Mtoto huchelewa kuelewa na kukumbuka, na pia huchelewa katika mambo ya kila siku: kula mwenyewe, kuvaa, kwenda chooni, kutumwa dukani na kurudi na chenji. Lazima yote mawili yawepo. Mtoto anayeshika mkia darasani, lakini nyumbani anapika uji, anamlea mdogo wake na hapunjwi dukani, hana ulemavu wa akili. Mpimeni macho na masikio, na mwalimu aangalie kama shida ni ya kusoma tu.

Hukadiriwa kwamba katika kila watu 100, kati ya 1 na 3 wana ulemavu huu, na wengi wao ni wa kiwango chepesi. Mtindio wa ubongo ni kitu kingine. Huo hugusa viungo na mwendo, na mtoto mwenye mtindio anaweza kuwa na akili timamu kabisa ila ulimi haumtii. Maneno "taahira" na "zezeta" tuyaache. Mtoto huyasikia, na anaelewa kwamba ni yeye anayesemwa.

Wangu ana miaka miwili na nusu, hasemi. Bibi yake anasema hata baba yake alichelewa.

Huenda bibi anasema kweli, lakini usimsubiri mtoto kwa kukisia. Kwa kawaida, kufikia miezi 4 mtoto anakaza shingo, miezi 9 anakaa bila kushikwa, miezi 18 anatembea, na miaka 2 anaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "taka maji". Akipitwa na hatua moja kidogo, si lazima liwe tatizo. Akipitwa na kadhaa, chukua kadi yake ya kliniki umpeleke hospitali.

Omba apimwe masikio kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu wapo watoto viziwi walioitwa wagumu wa akili kwa miaka, kumbe hawakuwa wakisikia wanachoambiwa. Kugonga sufuria nyuma yake hakutoshi, maana mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie maneno. Na kama alikuwa akisema au kutembea kisha akaacha, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo.

Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilikula mayai nikiwa mjamzito. Ni kweli?

Si kweli. Mayai yalimjenga mtoto wako. Si laana, wala si mkosi wa upande wa mama. Mara nyingi hata madaktari hawaipati sababu, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Zipo sababu zinazojulikana. Mojawapo ni hali ya Down, ambayo mtoto huzaliwa nayo. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha kwamba watoto hawa wana kromosomu, yaani vibeba urithi vilivyo ndani ya chembe za mwili, 47 badala ya 46. Hiyo moja ya ziada kwa kawaida huingia kabla mimba haijashika, na hakuna chakula cha kuiita wala cha kuizuia.

Sababu nyingine zinaweza kuzuilika, na hizi ndizo zinazoniuma. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu uchungu ulichukua muda mrefu mno nyumbani. Kichanga aliyegeuka manjano siku ya kwanza, au hadi viganja na nyayo, akaanikwa juani badala ya kuwahishwa hospitali kuwekwa kwenye taa maalumu. Malaria iliyopanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo. Degedege lenyewe, likija na homa na kupita upesi, kwa kawaida haliharibu ubongo. Hatari ni kile kilicholileta. Wengine bado huamini ni dege, pepo aliyempitia mtoto, wakaanza kumfukiza huku malaria ikiendelea na kazi yake.

Kisha kuna chumvi. Ukosefu wa madini joto (iodini) kwa mama mjamzito ni chanzo kikubwa duniani cha kuharibika ubongo wa watoto, katika vile vinavyozuilika, na kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, la sivyo madini hupotea. Mjamzito apime kaswende kliniki na asiguse pombe, hata kidogo. Chanjo ya surua-rubela nayo msiikose, kwani rubela ikimpata mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuna dawa?

Ya kuondoa ulemavu wenyewe, hakuna, na anayekuuzia anakuibia. Lakini kifafa kina dawa, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri ina dawa, na macho na masikio yana vifaa. Mtoto anayedondoka kwa kifafa kila wiki hawezi kujifunza.

Atafundishika?

Ndiyo. Kinachobadilika ni ukubwa wa tonge. Nilimwona mama mmoja akimfundisha mwanawe wa miaka saba kuvaa fulana. Alimvika kichwa, akapitisha mikono, akaishusha hadi juu ya kitovu, kisha akaiacha. Mtoto akaivuta hadi chini. "Umevaa mwenyewe!" Wakakaa hapo wiki nzima. Wiki ya pili akaiachia kifuani. Kisha mkono mmoja ukawa wa mtoto, kisha yote miwili. Kila siku mtoto alimaliza kazi yake, hakuachwa katikati akilia. Ilichukua karibu miezi mitatu, na tangu hapo hakuna anayemvisha.

Kunawa, kufagia, kuosha vyombo, vyote hugawika hivyohivyo. Maneno yawe machache, yaleyale, na kila aliye nyumbani ayatumie. Dada akimfanyia kila kitu kwa huruma, mtoto hajifunzi.

Na shule?

Ni haki yake. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na zipo shule za msingi zenye vitengo maalumu, kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, vya kupima mahitaji ya watoto wenye ulemavu, tangu 1984. Mwalimu mkuu akikukataa, nenda kwa afisa elimu maalumu wa wilaya.

Binti yangu anavunja ungo. Naogopa.

Una sababu ya kuogopa. Watoto hawa huchaguliwa na waovu kwa kuwa wanadhaniwa hawatasema, au hawataaminiwa. Mfundishe sehemu za mwili kwa majina yake halisi, si mafumbo, ili akisema aeleweke. Aoge mlango umefungwa. Mtaje kwa jina anayeruhusiwa kumsaidia kuoga, na hakuna mwingine. Fanyeni mazoezi ya kupaza sauti: "Sitaki!" Pedi pia ifundishwe kabla damu haijaja, kwa kuibandika kwenye chupi, hatua kwa hatua kama ile fulana. Mvulana naye afundishwe kujilinda.

Akisema kuna aliyemgusa, mwamini. Asioge, nguo zisifuliwe. Mfikishe hospitali mara moja, kwani dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72. Polisi nchini Tanzania ulizia dawati la jinsia na watoto. Namba 116 hupigwa bure, Tanzania na Kenya.