Bila delta hakuna zero? Uongo bana

Hapa Goma, kuanzia Ndosho mpaka Himbi, ukiandikia mwanafunzi x² − 5x + 6 ku tablo, mkono unakimbia mara moja ku delta, b² − 4ac (a, b, c ni namba za ax² + bx + c), sababu banasemaga bila delta hakuna zero, yaani x yenye inafanya yote itoe 0. Si kweli. Tafuta namba mbili, ukizizidisha zinatoa 6, ukizijumlisha zinatoa −5, njo −2 na −3, basi (x − 2)(x − 3), zero ni 2 na 3, kwisha. (Ndiyo, 2, hapana −2, ile ya ishara kila profu anaipigiaga kelele, tupite.)

Namba zikikosa kuonekana, sawa, ita delta, lakini usianze kusema eti kama haikatike kuwa mabano mbili yenye namba nzima basi haina zero. x² − 4x + 1 haikatike vile, na bado delta yake ni 12, zero ziko mbili: 2 + √3 na 2 − √3. Delta ikiwa chini ya 0 njo parabola, ule mustari wa kupinda wenye unachora, haigusi mustari wa x.

Yenye inaniumizaga kichwa ni (x − 2)(x − 3) = 2. Mutu anaandika x − 2 = 2, x − 3 = 2, anapata 4 na 5. Ubaya sasa, 4 ni jibu la kweli kabisa! Anaijaribisha, inakubali, anafunga kaye na furaha. Jaribu 5 uone: 3 mara 2, 6. Kutenganisha mabano inakubaliwa tu kama upande wa pili ni 0, sababu 0 haiwezi kutoka mahali pengine isipokuwa mojawapo ikuwe 0, lakini 2 inatokaga ku njia mingi. Leta ile 2 huku, x² − 5x + 4 = 0, majibu ni 1 na 4.

Halafu kuna wenye banagawanya yote na 2 ili namba zikuwe ndogo. Twaa f(x) = 2x² − 8x + 6, yaani 2(x − 1)(x − 3). Kwa zero haina shida, 1 na 3 zinabaki pale pale. Lakini ncha, pale parabola inageukia, iko katikati yao, x = 2, na f(2) = 8 − 16 + 6 = −2, mwenye alifuta ile 2 anapata −1, na ku egzeta (mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari), penye unachagua tu jibu, hiyo −1 inaweza kuwa imekaa pale inamungojea.

Parabola isiyo na zero nayo iko na ncha, fanya x = −b/(2a), kisha weka ile x ndani: x² − 4x + 5, ncha (2, 1). Na a ikiwa hasi, ncha inapanda juu, inakuwa thamani kubwa kuliko zote, hapana ndogo.