Rafiki akikusomea rasimu, weka kalamu chini

Kazi yangu ni kuhariri riwaya. Muswada ukifika mezani kwangu huwa umeshapita mikono mingi: mke, mwalimu wa zamani, marafiki wa kwenye kundi la WhatsApp. Mara nyingi naweza kunyoosha kidole nikasema, hapa rafiki alipita. Sentensi iliyokuwa ikijiendea zake kwa kandambili ghafla imevaa suti. "Alikufa" imegeuka "aliiaga dunia", "walikula" imekuwa "walijipatia mlo". Rafiki wa watu alitaka kusaidia, ila alisaidia mapema mno.

Nikiulizwa namna ya kusomeana rasimu, mawazo yangu hukimbilia Uswisi, kwenye nyumba iitwayo Villa Diodati, kando ya Ziwa Geneva, mwaka 1816. Aprili ya mwaka uliotangulia volkano ya Tambora kule Indonesia ilikuwa imelipuka na kuvuruga hali ya hewa, hata majira ya joto ya Ulaya yakawa baridi na mvua. Ndani ya nyumba hiyo mvua iliwafungia mshairi Mwingereza Lord Byron, daktari wake John Polidori, na wageni wao: mshairi Percy Shelley, Mary Godwin ambaye baadaye mwaka huo aliolewa na Shelley, na Claire Clairmont, dada wa kambo wa Mary. Wakawa wanasoma hadithi za mizimu za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kifaransa. Byron akasema basi, kila mtu atunge yake.

Mary alikuwa na miaka 18. Katika utangulizi alioandika mwaka 1831 anakumbuka kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alijibu hapana, kwa aibu. Anayeandika anaijua aibu hiyo. Alipoipata, alidhani itakuwa ya kurasa chache tu. Shelley ndiye aliyemhimiza airefushe, na Januari 1818 ikatoka riwaya yake, Frankenstein, bila jina la mwandishi.

Hapo kuna mambo mawili aliyoyafanya Shelley, na mimi nayatenga. La kwanza ni kule kuhimiza: hii ni kubwa kuliko unavyodhani, endelea. Wazo changa linahitaji hilo kabla ya kitu kingine chochote. La pili, aliingia na kalamu. Madaftari ya rasimu yamehifadhiwa Oxford, katika Maktaba ya Bodleian, na mwandiko wake umo, ukibadilisha maneno mepesi ya Mary kwa mazito yenye asili ya Kilatini. Pengine alipatia. Lakini mpaka leo hawakosekani wanaouliza kitabu hasa ni cha nani, na swali hilo linaniudhi, maana hadithi ni ya Mary.

Sisi tupo wanne, tunakutana Jumamosi jioni kusomeana rasimu, na sharti letu ni kwamba rasimu ya kwanza haigawiwi kwa karatasi wala kwa simu. Mwenyewe anasoma kwa sauti. Huwezi kusahihisha herufi usiyoiona, kwa hiyo unabaki na masikio. Msomaji naye anapata habari ambazo hakuna barua ya maoni ingempa: nani ameinua kikombe, nani ameanza kuchungulia simu, mahali gani watu wote wametulia. Akimaliza tunamuulizia wahusika wake tu. Huyu mjane, kwa nini hakwenda kwa shemeji yake? Hizo hela za mtumbwi alizitoa wapi? Kama hana jibu, anaandika swali na kuondoka nalo.

Neno "nzuri sana" tumelipiga marufuku. Kwetu ni salamu tu, sawa na shikamoo, na ugumu unazidi anayesoma akiwa mkubwa wako. Nilipokuwa kijana nilimsikiliza mzee mmoja niliyemheshimu akisoma sura nzima iliyolala, nikasema hongera mzee wangu. Alichapa kitabu vilevile. Deni hilo bado ninalo.

Na wizi je? Swali hili haliniishi. Sheria ya hakimiliki hulinda maandishi, wazo tupu haililindi, kwa hiyo chagua watu unaowaamini. Lakini tazama yaliyotokea kwa Polidori. Byron alianza hadithi yake siku zilezile, akaitupa. Polidori akaliokota wazo, akatunga hadithi ya The Vampyre, na mwaka 1819 jarida moja la London likaichapisha kwa jina la Byron! Byron akakana. Mwenye wazo alishachoka nalo, na aliyekaa akaandika ndiye aliyekosa jina.

Mimi naogopa zaidi kitu kingine: kusimulia mpaka utamu uishe. Nimewaona watu walioielezea riwaya yao miaka mitatu, kila harusi na kila msiba, hata siku wanakaa kuandika wanahisi wameshaimaliza. Ndiyo maana mwenzetu wa mtumbwi, Jumamosi iliyopita, alipofunga daftari akaanza kutueleza mwisho wa mjane wake, tulimziba mdomo. Alinuna. Tukamwagizia chai nyingine, tukamwambia aulete umeandikwa.