Je, wajua kwa nini vijingoma vilivyomo ndani ya simu yako vimekatwa kombo?

Ingia kwenye chumba kipya ambacho hakijaingizwa hata mkeka, kisha piga kofi moja. Utasikia trrrr, sauti kavu inayogongana na kuta. Kofi lilikuwa moja. Kuta mbili zinazotazamana ndizo zinazorushiana. Wenye studio za muziki hapa Dar wanaijua kero hiyo. Wengi hubandika sponji ukutani, na mwenye uwezo hujenga kuta zisizo sambamba. Simu yako ina ugonjwa huohuo, na dawa yake ni ileile.

Ukiwa kwenye daladala unaongea kwa mtandao wa 4G, simu inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwenye bendi ya 1800, yaani fungu la masafa ya redio, inatuma kati ya megahezi 1710 na 1785, inapokea kati ya 1805 na 1880. Mwanya ni megahezi 20 tu, na mawimbi yanayofika kutoka mnarani ni hafifu mno kuliko yale inayoyatoa yenyewe. Pasipo kichujio kikali, cha kupitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine, ingejiziba masikio kwa kelele zake.

Vichujio vingi vya kazi hiyo ni vijingoma: utando wa aluminiamu nitraidi wenye unene wa mikromita moja hivi (sehemu moja ya elfu ya milimita), umebanwa kati ya elektrodi mbili, yaani tabaka za metali za kupitishia umeme, na kuwambwa juu ya shimo la hewa. Utando huo ni fuwele, na fuwele za namna hii hutoa umeme zikikandamizwa, jambo ambalo ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha mwaka 1880. Ukizipa umeme, nazo hutetemeka.

Sasa kumbuka donge la chapati. Ukilibonyeza, linapungua unene na kutanuka pembeni. Utando nao ni hivyohivyo. Sisi tunataka ucheze juu na chini tu, lakini kila unapobonyea, mawimbi mengine hutorokea pembeni, hugonga ukingo na kurudi. Elektrodi ikiwa mraba, yanarudi kwa njia ileile, yanajumlishana na kuzaa mtetemo ambao hakuna aliyeuomba. Mtetemo huo ukiangukia katikati ya bendi, unakula nishati, na mchoro wa jinsi kichujio kinavyopitisha mawimbi, uliotakiwa kuwa tambarare, unakuwa na mashimo kama barabara ya mtaani baada ya masika. Duara nalo halisaidii: gonga maji katikati ya beseni uone viwimbi vinavyorudi vyote pale katikati kwa pamoja.

Ndiyo maana wahandisi huikata elektrodi pembe tano za ovyoovyo, bila pande mbili zilizo sambamba. Kila wimbi linapita njia yake, urefu wake. Ila tusidanganyane, mawimbi hayajafa, yametawanywa tu: mashimo machache makubwa yamegeuzwa mikwaruzo mingi midogo, na nishati bado inavuja.

Kwa hiyo kuna ufundi wa pili, nami naupenda zaidi. Ukingo wa elektrodi hutiwa pindo, kama la kanga, lenye unene tofauti kidogo na upana uliopigiwa hesabu. Pindo likikaa sawa, mji wote wa katikati hupanda na kushuka kama kitu kimoja, na mawimbi ya pembeni hukosa wa kuyaamsha.

Usimsumbue fundi wa Kariakoo akuonyeshe. Hata kwa darubini yake ya kuchomelea ataona kidude cheusi tu, cha milimita moja au mbili, na vijingoma vyenyewe vimefungiwa ndani.