"Nisafishie, ila futa nyaya": dhana potofu za picha za machweo ya mjini

Huyu ni mteja wa tatu wiki hii hapa studio yangu ya picha. Ananipa simu, picha ya machweo aliyoipiga juu ya paa la kwao Kariakoo: "Kaka, nisafishie. Ila kwanza futa hizo nyaya, na simtanki la jirani, na nguo." Zamani kusafisha picha ilikuwa kuitoa kwenye karatasi. Siku hizi watu wanataka iogeshwe.

Dhana: Nyaya, matangi na kamba za nguo vinaharibu picha.

Jamani. Jua ni hilohilo moja, aliyeko Tabora analo na aliyeko Mombasa analo. Wekundu nao hauna mwenyewe: jua likishuka, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi, bluu inatawanyika njiani, inayofika ni nyekundu. Kisichopatikana kwa mwingine ni lile tangi. Nikamuuliza yule dada, nguo za nani? Akacheka. Kanga za bibi yake, anazianua mwenyewe kila jioni na hataki kusaidiwa. Ndizo nifute? Zikiondoka, unabaki na picha ya kalenda ya duka la dawa.

Halafu Kariakoo yenyewe haitulii. Nyumba ya chini leo, ukirudi unakuta ghorofa. Picha ya mjini hujiandikia tarehe. Ukiniletea mkondo wa Kurasini mtupu pale lilipo Daraja la Nyerere, najua bila kuuliza kwamba ni kabla ya Aprili 2016. Kuna mzee aliwahi kunitaka nifute winchi ya ujenzi, nami nikafuta, njaa mbaya. Ghorofa lile sasa limemziba jua kabisa, na picha aliyoitundika sebuleni haionyeshi lilivyoanza.

Dhana: Ukikoleza rangi, hisia inaongezeka.

Inaongezeka wino. Mawingu yakifika rangi ya juisi ya unga, acha.

Dhana: Machweo ya Dar yapigwe Coco Beach, jua likizama baharini.

Pale bahari iko mashariki! Jua linachomoza majini, linazama nyuma yako, mjini. Panda pantoni uende Kigamboni, ugeuke uutazame mji. Na usidhani litazama nyuma ya jengo lilelile mwaka mzima: Juni limeelekea kaskazini, Desemba limehamia kusini. Anayetaka jua lizame baharini avuke Zanzibar, akakae Forodhani.

Dhana: Simu haiwezi.

Inaweza. Gusa skrini palipo na mwanga, punguza kidogo, zima flashi, usivute picha karibu kwa zumu. Sogea kwa miguu.

Dhana: Jua likishazama, mambo yamekwisha.

Hapo watu wanakunja mikono kama mpira umekwisha. Adhana ya Magharibi ikishaadhiniwa, bado una dakika kama ishirini: mbingu ina rangi, na madirisha yanaanza kuwaka moja moja. Huku kwetu karibu na ikweta giza lina haraka, kwa hiyo usizimalize kwa kujipiga selfi.

Picha ikishatoka, iandike nyuma: wapi, lini, nani alikuwa pembeni yako. Kalamu ninayo hapa kaunta, haina malipo. Bei ya kusafisha ni ileile, yenye nyaya au isiyo na nyaya. Ila ya isiyo na nyaya inakaa chini kabisa ya foleni.