Saruji haitibu ukuta wa mawe ya matumbawe

Wengi Lamu huamini kwamba plasta ya chokaa ikibanduka, dawa ni saruji kwa kuwa ni ngumu zaidi. Ugumu huo ndio unaouharibu ukuta. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi. Chokaa huyaacha yatoke, saruji huyafungia ndani. Chumvi huganda nyuma ya plasta, jiwe likageuka unga, na saruji ikaanguka vipande vizima pamoja na uso wa jiwe.

Ibandue saruji hiyo taratibu, piga brashi kavu, kisha lowesha ukuta. Changanya chokaa iliyolowekwa, sehemu 1 kwa mchanga 3. Usichote mchanga wa ufuoni, una chumvi ile ile! Kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe magunia yenye maji siku kadhaa. Likikauka haraka hupasuka.