Sonona ya Januari Mombasa: Usingoje Mwezi Uishe

Kila Januari, sikukuu zikishapita, benchi la nje ya chumba chetu cha matibabu hujaa watu wenye malalamiko yanayofanana. Kichwa kinagonga. Kifua kizito. Tumbo linawaka. Usingizi hauji. Wengi wao wameshameza dawa za malaria bila kupimwa, na wengine wako kwenye pakiti ya pili ya vidonge vya maumivu. Ukiwapima, malaria hakuna, presha iko sawa, sukari iko sawa. Ukiuliza, "Na moyo je, umekaaje?" ndipo machozi yanapotoka. Mimi ni muuguzi, nimehudumia watu kisiwani na ng'ambo ya Likoni, na maswali haya ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka (depression), ndiyo ninayoulizwa mwaka baada ya mwaka. Nayajibu hapa kwa sababu wengi wanakuja wamechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoniumiza.

Binamu yangu yuko London, anasema ameshikwa na huzuni ya majira ya baridi. Sisi huku kaskazi inatuchoma. Ugonjwa huo unatuhusu?

Kwa sura ile aliyo nayo yeye, hapana. Mwishoni mwa Desemba, mchana wa London hudumu chini ya saa 8. Mtu anatoka kwenda kazini giza, anarudi giza. Mwanga ukipungua hivyo, saa ya mwili huvurugika, na wako watu ambao moyo wao huzama kila mwaka majira hayohayo. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza ugonjwa huu mwaka 1984, na moja ya tiba zake ni kukaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000, kama nusu saa kila asubuhi. Sisi tuko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mtu asikuuzie taa.

Ila ule wa binamu yako ni aina ya sonona, na sonona yenyewe haingoji baridi. Iko London, iko Kongowea.

Basi kwa nini sisi inatupata Januari?

Tazama mwezi wenyewe. Desemba hoteli zinachukua vibarua, Januari zinawaachia. Shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, sare ya mwaka jana haimtoshi mtoto, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za sikukuu. Pesa ikiingia kwenye simu inakatwa deni la Fuliza, ule mkopo wa simu, kabla hujaigusa. Jamaa waliojaza nyumba wamerudi bara, wengine Ughaibuni, na nyumba imekuwa kimya ghafla. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nayo yamezoeleka kutoka Januari, na kuna kijana aliyejifungia chumbani tangu siku ile.

Ongeza joto. Anayelala chini ya mabati wakati wa kaskazi anajua: unageuka mpaka alfajiri. Mtu akikosa usingizi siku kumi mfululizo, moyo nao hulegea. Hapo hakuna uvivu wala udhaifu wa tabia.

Nitajuaje kama ni uchovu tu au ni ugonjwa?

Hesabu wiki mbili. Ikiwa kwa wiki mbili, karibu kila siku, una huzuni au huna hamu na mambo uliyokuwa ukiyapenda, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakipandi au unakula kupita kiasi, nguvu hazipo, fikira hazitulii, unajilaumu kwa kila jambo, au unawaza kifo, hiyo ni sonona mpaka mtu aliyesomea akuambie vinginevyo.

Uchovu wa sikukuu hupungua ukilala vizuri, deni moja likilipika, rafiki akikuchekesha. Sonona haisikii. Pesa inaingia na moyo uko palepale.

Wanaume, sikilizeni. Kwenu mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, kurudi nyumbani usiku wa manane, kufokea watoto. Mara nyingi mke ndiye anayegundua kwanza. Akikwambia umebadilika, usimkemee.

Lakini Januari ikiisha si itapita yenyewe?

Hapana.

Narudia, kwa sababu jibu hili ndilo watu hawataki kulisikia: hapana. Deni la Januari linaweza kuisha Februari. Sonona haisomi kalenda. Wako wanaopata nafuu bila tiba, ni kweli, lakini huwezi kujua kama ni wewe, na huku unangoja unapoteza kazi, unagombana na mwenzako, mtoto anakosa malezi. Nimewaona walioniambia "nilidhani itapita" wakiwa wameshika mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Kwa ugonjwa ambao ungeanza kutibiwa mwezi wa kwanza kwa mazungumzo na ufuatiliaji tu.

Wiki mbili zikitimia, nenda kituo cha afya. Na kama mawazo ya kifo yameingia, wiki mbili hazihesabiwi tena. Unaenda leo.

Nimekuwa nikinunua vidonge vya kulalia dukani. Vinanisaidia.

Vinakulaza. Kulazwa na kutibiwa ni mambo mawili. Vidonge hivyo vina mazoea: baada ya muda mfupi kimoja hakitoshi, na ukiviacha ghafla unahangaika kuliko mwanzo. Ukivichanganya na pombe unahatarisha uhai wako. Kuvinunua bila kuandikiwa na daktari ni kosa, na anayekuuzia naye anakosa.

Mnazi na pombe nyingine hali ni ileile. Unalala upesi, unaamka saa nane za usiku moyo unakwenda mbio, na kesho yake huzuni imezidi. Muguka nao, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, unajulikana unachofanya: unafukuza usingizi, ukiisha mwilini mtu anabaki mzito kuliko alivyokuwa. Na unanunuliwa kwa pesa ileile iliyokuwa ya kodi. Mtu anakaa maskani anatafuna mpaka usiku, halafu asubuhi ananiambia hana usingizi na anataka dawa. Siwezi kukupa dawa ya usingizi huku mfuko wa muguka uko mfukoni. Tuanze hapo. Ukishindwa kuacha, sema, uko msaada. Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, NACADA, ina simu ya bure, 1192.

Mama anasema nimepagawa na jini, nipelekwe nikasomewe.

Kusomewa sikukatazi. Swala na dua zinawapa wagonjwa wangu wengi subira, na mchungaji au ustadhi mwenye busara ni msaada mkubwa. Ninachokataa ni mgonjwa kuzungushwa. Ijumaa kunyweshwa kombe, maji ya maandishi ya dua, Jumanne mganga wa Kwale, wiki inayofuata kupungwa pepo, pesa inakwisha na mwili unakonda, hospitali inakuwa kituo cha mwisho. Iwe cha kwanza. Soma dua na uende hospitali siku hiyohiyo. Hakuna kinachozuia viwili hivyo kwenda pamoja.

Na tafadhali, kumwambia mtu mwenye sonona kwamba imani yake ni ndogo ni kumwongezea mzigo. Tayari anajilaumu usiku kucha.

Dawa za hospitali si zitanifanya teja?

La. Dawa za sonona hazileti uteja, yaani uraibu. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, wakati mwingine sita, na hapa ndipo watu wanapoharibu: wiki ya kwanza wanasema haifanyi kitu, wanaacha. Au wakipata nafuu wanaacha siku moja, ghafla. Usianze na usiache bila aliyekuandikia kujua. Na si kila mtu anapewa dawa. Sonona isiyo kali mara nyingi hutulia kwa ushauri nasaha.

Mume wangu husema, "Bora nife mpumzike." Ni maneno tu ya Januari, au sivyo?

Sivyo.

Dada yangu, kama katika yote niliyoandika utakumbuka moja, liwe hili. Msemo kwamba anayetangaza kujiua hajiui ni uongo, na uongo huo unaua. Wengi wanaofanya hivyo walikuwa wamesema. Walisema kwa mzaha, kwa hasira, kwa fumbo: "Nimechoka na dunia." "Mtaniona leo, kesho hamtaniona." "Bila mimi mngekuwa na nafasi." Wenzao walidhani ni maneno. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa walio kati ya miaka 15 na 29 ni miongoni mwa sababu kubwa za kifo.

Kwa hiyo usimwambie "acha upuuzi". Usimkumbushe watoto ili aone aibu. Usingoje mshahara, usingoje shemeji atoke safari, usingoje Jumatatu. Kaa naye. Asiachwe peke yake, hata usiku. Ondoa nyumbani dawa na kila kitu anachoweza kujidhuru nacho. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali kuu ya Pwani kisiwani, Coast General, inapokea dharura usiku na mchana, na hospitali ya Port Reitz kule Changamwe kuna huduma ya afya ya akili. Kama huwezi kutoka, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uongee na mshauri huku umekaa naye.

Jambo jingine la kutazama: aliyekuwa na huzuni nzito kisha ghafla akatulia, akaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu. Familia hufurahi kwamba amepona. Msifurahi upesi. Utulivu wa namna hiyo unaweza kuwa na maana kwamba ameshaamua.

Nikimuuliza moja kwa moja kama anawaza kujiua, si nitamtia wazo?

Hapana. Humtii wazo. Wazo likiwepo lipo, na swali lako ndilo linalompa nafasi ya kulitoa. Uliza kwa sauti ya kawaida, faraghani, si mbele ya watoto: "Je, unawaza kujitoa uhai?" Kisha nyamaza, usikilize. Wengi huvuta pumzi ndefu, kwa sababu hatimaye mtu ameuliza. Kutouliza ndiko kunakomwacha peke yake na jambo lake.

Mtu akishajaribu, si atashtakiwa? Ndiyo maana tulimficha nyumbani.

Najua. Hofu hii imewafanya watu watibu majeraha kwa maji ya chumvi nyumbani huku hospitali iko kilomita mbili. Ni kweli kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mleteni mgonjwa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu kifo hakichelewi.

Hali yangu haijafika huko. Naweza kufanya nini nyumbani wakati nasubiri siku ya kliniki?

Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na utoke nje jua lingali changa. Mwanga wa asubuhi huirekebisha saa ya mwili. Wenzetu wa London wanautafuta kwa taa, wewe umewekewa bure. Tembea nusu saa kwa mwendo wa haraka, bustani ya ufuoni ya Mama Ngina au ufuo ulio karibu nawe, siku nyingi za wiki. Mazoezi ni tiba yenye ushahidi kwa sonona isiyo kali. Siku za mwanzo miguu itakuwa mizito kama jiwe. Nenda hata dakika kumi.

Kula, hata kidogo, na kula na watu. Rudi barazani. Anayejitenga huzama upesi.

Madeni yaandike yote kwenye karatasi moja, kisha mpigie mdai mmoja umwombe muda. Mmoja tu leo. Acha kukopa huku ili ulipe kule. Simu iondoe kitandani, maana kutazama sikukuu za watu wengine saa saba za usiku hakujamponya mtu.

Kijana wa KCSE: mzazi, usimlinganishe na mtoto wa jirani mwezi huu. Fungua mlango, peleka chai, kaa. Na yale maswali ya hapo juu, naye muulize.

Ndugu yangu ameniambia anawaza kujiua, akaniapisha nisimwambie mtu. Nifanye nini?

Sema. Kiapo cha namna hiyo hakikufungi. Mwambie waziwazi: "Nakupenda, siwezi kulibeba hili peke yangu, na wewe huwezi kulibeba peke yako." Atakasirika. Huenda asikusemeshe wiki mbili. Mwite mtu mmoja mzima anayemheshimu, mwite sasa hivi, kisha mpande tuktuk pamoja mpaka hospitali. Usimpe nauli ukadhani atafika. Keti naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe, na akiruhusu, ingia naye ndani.